Lita Zilizokuwa Zikimpotea Ratomir

Ratomir Stevčić alikuwa mpima ardhi wa manispaa ya Knjaževac, na mtu aliyezoea kupima haachi kwa sababu tu saa za kazi zimekwisha. Nyumbani alipima unga kabla mkewe hajakanda. Alijua kuni za majira ya baridi zitafika lini mwisho, na zikipitiliza kwa siku mbili alinuna kama vile zimepungua. Watu wa mtaani walisema ana mkono wa birika, lakini walimwonea. Pesa alitoa. Alichotaka ni kujua tu, kabla haijatoka mfukoni, inakwenda wapi na kufanya nini.

Basi piga picha hali yake mwezi ule wa tisa, petroli ilipoanza kumpotea.

Gari lao lilikuwa Lada ya mgongo mrefu, rangi ya maharage yaliyochemka, umri mmoja na binti yao aliyeolewa Novi Sad. Mita ya kilomita ilikwishakufa. Geji ya mafuta nayo iliganda katikati: ujaze, usijaze, yenyewe ilikuambia nusu tangi, kama mlevi anayeapa kwamba ameonja tu. Kwa hiyo hesabu yote ya petroli ilikaa kichwani mwa Ratomir, na ilikaa vizuri. Ofisini alikwenda kwa miguu, ng'ambo tu ya daraja. Gari lilitoka Jumamosi kwenda sokoni, Jumapili kwenda shamba lao la mizabibu, na mara moja kwa mwezi kumpeleka mama mkwe wake, Bibi Živana, kwa daktari wa moyo kule Zaječar. Hapakuwa na safari nyingine. Kilomita mia tatu kwa mwezi, lita saba kwa kila mia, ongeza lita moja na nusu kwa ajili ya vilima: dinari elfu nne na mia tatu. Fedha hizo aliziweka kwenye bahasha kabatini, na kwa miaka sita bahasha haikuwahi kumwangusha.

Mwezi wa tisa haujafika hata katikati, Lada ikazimika mbele ya posta ikiwa imebeba makreti ya pilipili hoho. Ratomir aliwasha mara tatu. Kisha akaegemeza mikono kwenye usukani na kutazama mbele kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Haiwezekani," alisema. "Humu mna lita tisa."

Mkewe Desanka alikuwa anatazama dirishani, upande wa posta, ambako hapakuwa na cha kutazama.

"Labda limechoka," alisema Bibi Živana kutoka kiti cha nyuma.

"Gari halichoki, mama. Gari linaishiwa."

"Basi labda limeishiwa."

Mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa Blagoje, muuza mafuta wa kituo cha kuingilia mjini. Ratomir alimwendea Jumatatu, mbele ya wateja watatu, akiwa na dumu la lita tano alilolipima mwenyewe nyumbani kwa kikombe.

"Jaza lita tano," alimwambia. "Taratibu."

Blagoje alikuwa mtu mnene, mpole, asiyeharakishwa na mtu. Alijaza. Mashine ikasoma tano. Ratomir akachuchumaa hadi jicho lake likawa sawa na alama aliyoichora kwenye dumu. Petroli ilikuwa imepita alama kwa unene wa ukucha.

"Vipi, mpima ardhi?" aliuliza Blagoje. "Mpaka umekaa sawa?"

"Imezidi kidogo."

"Imezidi." Blagoje akawageukia wale wateja. "Mmesikia. Anasema nimempa zaidi. Sasa, Bwana Ratomir, hiyo iliyozidi unanirudishia au unanilipa?"

Alilipa. Wale wateja walicheka hadi mmoja wao akaenda kukaa.

Wa pili alikuwa jirani, Slavoljub, fundi mabomba mstaafu, ambaye uwanjani kwake kulikuwa na mipira ya kila unene. Kwa kunyonya petroli kwenye tangi la mtu mpira unatosha. Ratomir alimkuta anachoma pilipili hoho juu ya jiko la bati, maana huo ndio ulikuwa msimu wa ajvar, rojo la pilipili la kuweka akiba mitungini, na mji mzima ulinuka moshi mtamu. Akamsogelea karibu mno, akavuta pumzi.

Slavoljub alimtazama. "Unaninusa?"

"Nasalimia tu."

"Hapana, jirani, unaninusa. Desanka alimwambia mke wangu kwamba petroli yako inaibwa. Sasa nikwambie: mimi nikitaka kumeza kitu kinachowaka, ninayo pombe ya plamu, rakija niliyoitengeneza mwenyewe, na haina ladha ya Lada." Akageuza pilipili kwa koleo. "Lakini wahenga hawakukosea. Kikulacho ki nguoni mwako."

Ratomir alilichukua neno hilo kuwa ni dharau, akaenda zake. Siku hiyohiyo alifunga kufuli kwenye kifuniko cha tangi, ufunguo akautundika shingoni pamoja na msalaba wake. Petroli iliendelea kupotea. Kufuli halikuguswa.

Hapo ndipo akili ya kupima ilipofanya kazi yake. Kama petroli haitoki kwa juu, alijiambia, basi inatoka kwa bomba la moshi. Maana yake mtu analiendesha gari. Mwizi anakuja mchana, wakati yeye yuko ofisini na wanawake wako jikoni na pilipili zao. Analichukua, anafanya shughuli zake, analirudisha. Mwizi mwenye adabu, lakini mwizi.

Jumamosi, badala ya lita kumi za kawaida, alitia tatu tu, ili mwizi asiende mbali. Mkewe hakuambiwa. Jumatatu jioni alitangaza mezani kwamba kesho atashinda kijijini akipima shamba lenye kesi.

"Utarudi saa ngapi?" aliuliza Desanka.

Swali hilo mkewe hakuwa amemuuliza tangu binti yao aanze shule. Ratomir alilipokea kwa moyo mkunjufu. Akaona kwamba hata baada ya miaka thelathini na miwili mke anaweza kuwa na hamu na mumewe mchana kutwa.

"Jioni," alisema. "Usiniwekee chakula cha mchana."

Asubuhi alivaa suti yake ya kazi, akapewa pita, mkate wa jibini uliofungwa kwa karatasi, akatoka kwa lango la mbele. Alizunguka nyuma ya mtaa, akapenya katikati ya miplamu, akaingia gereji kwa mlango mdogo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama: akajikunja ndani ya buti la Lada, nyuma ya kiti, kati ya dumu la maji na tairi la akiba, akajifunika blanketi la kufunikia makreti. Alikuwa na tochi na fimbo. Pita aliila mapema, kwa wasiwasi.

Hakukaa sana. Mlango wa gereji ulifunguliwa, milango ya mbele ya gari ikafunguliwa miwili kwa pamoja. Wezi wawili. Ratomir akaikaza fimbo.

"Umechukua miwani?" alisema mwizi wa kwanza, kwa sauti ya mama mkwe wake.

"Ninayo," alisema wa pili, kwa sauti ya mkewe.

Gari liliwashwa na kutoka kinyumenyume kwa ustadi mkubwa. Bibi Živana aliwahi kuendesha lori la ushirika kwa miaka mingi, akibeba viazi na watu kwa pamoja, na leseni yake ilikuwa bado hai, ingawa Ratomir hakuwahi kumwachia usukani kwa kuwa alikuwa na mguu mzito kwenye pedali ya mafuta. Walipita mjini. Walipita barabara ya mawe. Ratomir, chini ya blanketi, alihesabu kona na kujua wanakokwenda: kiwanda cha zamani cha matofali, kilichofungwa, chenye uwanja mpana kama wa mpira. Alitaka kuinuka aulize. Lakini mtu aliyejificha kwenye buti la gari lake akiwa amevaa suti hana pa kuanzia.

Gari lilisimama. Wanawake walibadilishana viti.

"Haya," alisema Bibi Živana. "Klachi. Mpaka chini, Desa, siyo kama umekanyaga kinyesi cha paka."

Lada iliruka, ikazimika. Ikawashwa tena. Ikaruka mara mbili, kisha ikaanza kwenda.

"Mama, naiogopa ile nguzo."

"Nguzo haijawahi kumfuata mtu. Angalia unakokwenda, usiangalie usikotaka kwenda. Gia ya pili. Hivyo. Jana mwalimu wako alisemaje?"

"Alisema nimepiga hatua. Alisema pia niache kuomba msamaha kila nikishika breki."

Kumbe alikuwa na mwalimu. Kumbe alikuwa amejiandikisha shule ya udereva. Ratomir aligonga kichwa kwenye tairi la akiba, lakini hakuna aliyesikia, maana wakati huo Lada ilikuwa inazunguka uwanja kwa gia ya pili huku injini ikilia. Kila mzunguko aliusikia kama kijiko kinachochota tangini.

"Akijua atasemaje?" aliuliza Desanka.

"Atasema lita ngapi."

Wote wawili walicheka, kicheko kirefu, cha watu waliokwisha kulicheka jambo hilo siku nyingi. Kisha Desanka akaacha kucheka.

"Siyo ubaya wake, mama. Lakini unaikumbuka safari yetu ya mwisho ya Bor? Nakwenda kumwona dada yangu, na njia nzima nasomewa bei ya vilima. Hiki kimekula dinari ishirini. Hiki thelathini. Kufika kwa Olgica nimechoka kama aliyelisukuma gari. Bado hatujamaliza kahawa, keshaangalia saa, eti tukichelewa jua litatupiga usoni, tutafungua vioo, na kioo kikiwa wazi upepo unakula petroli."

"Hiyo ya upepo ni kweli," alisema Bibi Živana.

"Najua ni kweli. Kila anachosema ni kweli. Zamani tulikwenda kila mwezi. Sasa Pasaka na slava, sikukuu ya mtakatifu wa familia ya Olgica, basi. Dada yangu anazeeka, na mimi nasikia kwa simu."

Ratomir alilala akitazama giza la blanketi. Alizipitia hesabu zake za mwezi: soko, shamba, daktari, vilima. Bor haikuwamo. Aliitoa yeye, mwaka ule petroli ilipopanda, na akajisifu kwamba ameokoa lita kumi. Hakukumbuka kama Desanka alisema lolote siku hiyo. Huenda alisema.

"Leo turudi kwa njia ya mashamba," alisema Bibi Živana. "Kuna kilima. Kwenye mtihani watakupa kilima."

Njia ya mashamba ilikuwa ya changarawe, ikapanda kati ya mizabibu. Ratomir aliijua kwa kila jiwe, aliipima mwenyewe. Desanka aliianza vizuri, akatia gia ya tatu, mapema mno. Injini ikaanza kukohoa. Gari zima likatetemeka kama mtu mwenye homa. Ratomir aling'ata blanketi. Bibi Živana alinyamaza, akimwachia mwanawe aligundue kosa mwenyewe, kama walimu wazuri wanavyofanya. Injini ikazidi kushindwa, na uvumilivu wa Ratomir ukafika mwisho wake.

"Gia ya pili!" ilisema sauti kutoka kwenye buti.

Desanka alitia gia ya pili kwanza, akaogopa baadaye. Lada ikapanda kilima chote bila kuyumba, ikafika juu, ikasimama sawasawa kando ya njia, breki ya mkono ikavutwa. Ndipo akapiga yowe.

Bibi Živana alizunguka nyuma na kufungua buti. Mkwewe alikuwa amekaa katikati ya dumu na tairi, tai imegeukia mgongoni, makombo ya pita kwenye masharubu, fimbo mkononi.

"Karibu, mkwe," alisema. "Tungejua upo tungekuwekea mto."

"Nilikuwa namtegea mwizi."

"Basi umempata. Shuka, utapata kiharusi humo."

Desanka alikuwa amesimama kando ya mlango, ameshika funguo kwa mikono miwili. Alikuwa mwekundu hadi shingoni, lakini hakuinamisha macho.

"Tangu lini?" aliuliza Ratomir.

"Mwisho wa mwezi wa nane."

"Na ada ya shule?"

"Nimeuza ajvar. Mitungi arobaini. Ulidhani pilipili zote zile tunakula sisi?"

Ratomir alikuwa kweli ameshangaa wanakula pilipili nyingi kiasi gani, na alikuwa amepanga kulizungumzia jambo hilo mwezi wa kumi. Alifungua kinywa. Mama mkwe alimtazama kwa makini, akingoja kusikia lita ngapi.

"Kona ya kule chini," alisema Ratomir hatimaye, "uliichukua vizuri."

Desanka hakutegemea hilo. "Ingia," alisema. "Kiti cha nyuma. Na usiseme kitu."

Waliondoka. Hawakufika mbali. Waliposhuka upande wa pili na kuikuta barabara ya lami, Lada ilijikohoza mara mbili, ikanyamaza.

"Nimefanya nini?" aliuliza Desanka.

"Hujafanya kitu," ilisema sauti ya nyuma, kwa unyonge.

"Jumamosi si ulijaza?"

"Nilijaza. Lita tatu."

"Tatu? Kwa nini tatu?"

"Ili mwizi asiende mbali."

Bibi Živana alianza kutikisika mabega, akaegemeza paji la uso kwenye dashibodi, akacheka hadi Desanka akamuuliza kama amemeza dawa yake ya moyo.

Kituo cha Blagoje kilikuwa mbele, mwendo wa robo saa kwa mtu asiyesukuma gari. Ratomir alivua koti. Mtu mmoja lazima ashike usukani, na huyo alikuwa Desanka, maana ndiye aliyekuwa na mtihani. Alimwomba mama mkwe ashuke ili kupunguza uzito.

"Miaka yote hii unanipeleka kwa daktari wa moyo," alisema Bibi Živana bila kufungua mlango, "halafu leo unitembeze kwenye lami? Petroli yote ile itakuwa imepotea bure. Sukuma, mwanangu."

Alisukuma. Walipofika nyumba za kwanza za mji, Slavoljub akatokea kwa baiskeli, akiwa amening'iniza gunia la pilipili kwenye usukani. Alishuka, akaiegemeza baiskeli kwenye uzio wa mtu, akaja kuweka bega lake kando ya bega la Ratomir. Walikwenda hivyo kwa hatua kadhaa.

"Mwizi umempata, jirani?"

"Nimempata."

"Ni nani?"

Ratomir aliinua macho. Kupitia kioo cha nyuma aliona kisogo cha mkewe, kimenyooka, kichwa kikigeuka kushoto, kulia, kushoto, kama alivyofundishwa.

"Sukuma," alisema.

Slavoljub alitazama alikotazama mwenzake, akaelewa, na kwa heshima yake hakucheka hadi walipofika kituoni. Huko walicheka pamoja na Blagoje, na Ratomir aliwaacha wacheke. Suti ilikuwa imelowa jasho. Blagoje aliuliza atie lita ngapi. Ratomir alitia mkono mfukoni, akatoa zote zilizokuwamo, bila kuhesabu.

Jioni hiyo, meza ilipoondolewa vyombo, alikaa na penseli. Aliongeza Bor, mara moja kwa mwezi, kwenda na kurudi, pamoja na vilima. Alipunguza tumbaku yake. Akamsogezea mkewe karatasi.

"Elfu sita na mia tatu," alisema. "Tutaweza."

Desanka aliisoma. "Humu umeandika 'sisi'."

"Ndiyo, mimi na wewe."

"Bor nakwenda peke yangu, Rato."

Hiyo ilimuuma. Aliificha kwa kuchonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa. "Uzito utapungua," alisema. "Petroli itapungua kidogo."

"Unaona," alisema Bibi Živana, "kila jambo lina heri yake."

Mtihani wa kwanza Desanka aliufeli, kwa kuwa alisimama katikati ya barabara kumpisha kuku na kukataa kuondoka hadi kuku huyo avuke. Wa pili alifaulu, mwezi wa kumi na moja. Jumamosi iliyofuata alifunga mitungi minne ya ajvar na chupa ya rakija ya Slavoljub, akakaa nyuma ya usukani, akarekebisha kioo. Ratomir alisimama langoni akiwa na maneno mengi mdomoni. Aliyatoa mawili tu: "Nenda salama."

Siku ilikuwa ndefu. Alipasua kuni zilizokwisha pasuliwa. Kwa hesabu yake mkewe angerudi saa kumi. Saa kumi ikapita. Kumi na moja nayo ikapita, na Bibi Živana akamwambia aache kutoka nje kila dakika, anaingiza baridi. Taa za Lada ziliingia mtaani giza likiwa limekwisha kuingia.

Desanka aliingia jikoni akiwa na mashavu mekundu na nywele zimevurugika.

"Nimepita njia ya juu," alisema, akivua koti. "Ile ya milimani."

"Njia ya juu inazidi kwa kilomita..."

"Najua. Nimeipita." Alikaa, akajivutia bakuli la supu. "Majani yote yameanguka, Rato. Unaona mpaka Bulgaria. Nikashusha kioo."

Ratomir alikaa mkabala naye. Alikuwa na swali, lilikuwa tayari, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi pamoja na desimali zake. Alimtazama mkewe akipuliza kijiko.

"Olgica hajambo?" aliuliza.

Desanka akaweka kijiko chini, akaanza kumweleza: habari za goti la dada yake, za jiko jipya, za shemeji aliyenunua mbuzi bila kumwambia mtu. Alieleza kirefu, akirudi nyuma alipokuwa ameruka, na supu ikapoa mbele yake, na hakuna aliyemwambia aipashe.